Tapi ya kwanza

Jumamosi, siku ya posho, usiku

"Haiko tapi yangu." Ni neno yenye kiliya, muteja wetu wa kwanza, alisema leo mu ateliye yetu mupya ya kusafisha tapi, ni kusema mazulia. Mama mumoja wa kartiye ya Karavia, muntu wa heshima, anakataa kintu yake mwenyewe.

Woga nilikuwa nayo tangu jana. Tulikuwa tunasugua ile tapi, maji ikatoka mwekundu sana, nikawaza rangi yote imeenda na maji. Sikulala. Tumenunua hii ateliye ya kartiye Annexe na nguvu yetu yote, na kazi ya kwanza kabisa...

"Yangu iko brun kama kahawa, mwanangu," mama anasema. "Hii iko mweupe."

Bwana yangu hakubishana. Alipindua kona moja, akamuonyesha fasi yenye mbabula ya makala iliunguza. Mama akaigusa na kidole. Kisha akavua viatu, akasimama juu yake.

Basi haikukuwa rangi. Ilikuwa bulongo, udongo mwekundu ya barabara tu, miaka na miaka.

Moyo imetulia. Ila sasa niko naangalia tapi yetu ya hapa nyumbani, mu salon, na bwana pia iko anaiangalia. Siku zote tulijua nayo iko brun.