Kura Moja, Ahadi Mbili

Baba yangu,

Amani ya Mola ikufikie huko ulikolala. Sisi hapa Buyenzi tu wazima, ila mimi umeniacha pabaya, na nakuandikia nikiwa na hasira. Unisamehe.

Unajua desturi yetu: mazikoni, kabla watu hawajatawanyika, mtoto husimama akasema, anayemdai marehemu aje kwangu. Nilisimama, nikasema. Nilitarajia fundi, labda mwenye duka. Wamekuja washirika wako wawili wa kampuni yetu ya kusambaza intaneti, na hawadai kitu ila neno lako.

Tangu ututoke, ile kampuni kubwa tunayonunua intaneti kwake imeshusha bei mjini. Baba, sasa inamuuzia jirani yetu kwa bei ndogo kuliko inayotuuzia sisi ili tumgawie! Wateja wa mtaa wa Mutanga Sud wamehamia kwake karibu wote. Juzi tulikaa kikao sebuleni kwako. Mzee Saidi, rafiki yako wa tangu chuo cha Kurani, akapiga meza: "Baba yako alinipa neno yake. Tushushe bei, tupigane. Kuuza kampuni, apana!" Mama Furaha wa Uvira, aliyetia mtaji wake wote humu, akafuta miwani: "Mutoto wangu, na mi aliniambia: tuuze mbele ya wateja kuisha." Wakatazamana, kisha wakanitazama. Kura ni tatu, na yako ninayo mimi.

Uliwaahidi wote wawili! Kumkatalia mtu kulikushinda maisha yako yote. Nakumbuka ulivyomwahidi mteja wa Gasenyi, kaskazini mwa mji, na mteja wa Ruziba, kusini kabisa, kuwafungia intaneti asubuhi moja, nikashinda juu ya pikipiki na ngazi begani, huku ukicheka mpaka unashika mbavu. Nami nilicheka. Leo sicheki. Nikishusha bei, tutauza kwa hasara mpaka tuzime mitambo. Nikiuza kampuni, nimelivunja neno ulilompa Mzee Saidi. Nikinyamaza, wateja hawanisubiri. Natamani uingie mlangoni dakika moja tu, useme ulimaanisha lipi.

Basi nimeamua peke yangu. Kesho nitapiga kura tuuze. Anayekuuzia bidhaa akiwa ndiye anayeshindana nawe sokoni, humuwezi. Atakayeumia ni Mzee Saidi, aliyekuosha kwa mikono yake, akakuvisha sanda huku analia. Ipo na sababu ya pili, naiandika kwa aibu: Mama Furaha alikuheshimu, lakini Mzee Saidi alikupenda, na mtu akikupenda hivyo anaweza kukusamehe.

Pumzika, Baba. Nakuahidi kwamba kikao kikiisha nitamfuata Mzee Saidi kwake, nitakaa kizingitini, na sitanyanyuka mpaka atamke kwa kinywa chake kuwa amekusamehe. Mimi asiponisamehe, basi.

Mwanao