Nilimwambia Fundi Aseme Laptop Nzuri Ni Mbovu

Dada Skola, kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi basi salamu zangu uzipokee hivyo hivyo. Mimi ni mama wa hapa Kewanja, jirani na mgodi, nauza dagaa na ndizi senta, na shida yangu ni ya laptop ingawa mwenyewe sijui hata kuiwasha. Barua hii naandika kwa mkono wangu kwa sababu yule anayeniandikiaga barua ndiye huyo ninayemsema humu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nilipokosea uunganishe mwenyewe.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa maneno, habari haikai kwangu, aliyefumaniwa najua kabla hajavaa viatu, na watu wananipenda hivyo hivyo, wanakuja kununua dagaa wanaondoka na habari. Lakini hili lina wiki ya pili limenikaa tumboni na sijamwambia hata Tabitha, na Tabitha ndiye rafiki yangu tunayeuza naye meza moja, kwa hiyo ujue ni zito.

Mimi nilizaa mabinti watatu, wote wameolewa, mvulana Mungu hakunipa na mzee wangu alishafariki. Sasa sisi Wakurya tuna ile ndoa ya nyumba ntobhu, mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe anaoa msichana, wanakaa pamoja, na watoto atakaozaa msichana na mwanamume wa nje wanakuwa wa nyumba ile. Nikachukua ng'ombe za mahari zilizokuja kwa Wegesa, binti yangu mkubwa, nikaoa. Huyo mkamwana nitamwita Mokami, jina lake lenyewe nimelificha. Nina naye mwaka wa saba, kanizalia mjukuu mwenye jina la mzee wangu, na tunaishi vizuri, hatujawahi kurushiana maneno zaidi ya yale ya jikoni, nani kazidisha chumvi, nani kaacha mlango kuku wakaingia.

Mokami alimaliza kidato cha nne, anafanya kazi steshenari, anachapa barua za watu wanaoomba kazi mgodini na ratiba za misiba. Mwaka huu kapata nafasi ya kusomea ugavi chuo kimoja, wakamwambia una njia mbili, uje Musoma ukae hosteli miaka miwili, au usome ukiwa kwako kwa kompyuta, masomo yanakuja kwa video na mwalimu mnaonana naye humo humo, mtihani tu ndiyo unaenda. Akaja akaniambia mama, mimi nimechagua ya nyumbani. Nikasema sawa, tutafute hiyo kompyuta, lile dume letu limefika la kuuza, mwisho wa mwezi linakwenda mnadani.

Tukaenda Sirari kwa Owuor, anauza laptop na kutengeneza, kijana wa heshima, mama yake namjua. Akatuwekea mbili mezani. Moja mpya kabisa, ya bluu, iko kwenye boksi lake, bei nafuu. Nyingine ilishatumika ofisini huko nje ikasafishwa, rangi ya majivu, na bei yake karibu mara mbili ya ile mpya. Nikamwuliza, baba, iliyotumika inaizidije mpya, tangu lini ng'ombe mzee akauzwa kumpita mtamba?

Akacheka. Akasema, "Mama, ng'ombe wa maziwa huangalii meno, unaangalia kiwele."

Nikazibeba moja moja, nikaona ile ya bei kubwa ndiyo nyepesi, nikamwambia hapa naibiwa, uzito mdogo pesa nyingi. Akasema, "Siyo nyama, mama. Hatupimi kwa kilo."

Akanieleza kwamba hiyo mpya ina RAM nne, ni kama zizi la ng'ombe wanne. Ukifungua barua moja uchape, haina shida, inakwenda. Ukileta video, na mwalimu, na daftari la kuandikia kwa pamoja, ng'ombe wa tano anabaki nje na wale wa ndani wanakanyagana. Ile iliyotumika ina RAM nane. Akafungua somo la chuo kwenye ile ya bluu, kaduara kakazunguka, kakazunguka, mwalimu akakwama mdomo wazi. Kwenye ile ya majivu mwalimu akaongea mpaka mwisho, na Mokami anasikiliza huku anaandika. Uso wake niliuona, Dada Skola, kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga ashike. Tukakubaliana na Owuor tutarudi Jumamosi tumpe jibu la ipi atuwekee.

Kesho yake niko mezani, Tabitha akaniletea habari ya kijiji cha Nyakunguru.

"Umemsikia yule mkamwana aliyenunuliwa cherehani?"

"Kafanya nini?"

"Kaondoka. Na cherehani, na mtoto. Yuko Kisumu anashona."

Nikamwambia si ndiye yule alikuwa analazwa jikoni, na mama mwenye nyumba akikasirika anamchapa na mwiko?

"Hayo mengine," Tabitha akasema. "Mimi nakupa habari ya cherehani. Mkamwana ukimpa mashine umempa nauli."

Basi hilo neno likaingia likakaa. Nikaanza kuhesabu, mabinti wameenda, mzee kaenda, Mokami akiwa na mashine kubwa na cheti juu yake, mimi nitabaki na kuku. Nikapiga simu kwa Owuor. Nikamwambia baba, tukija Jumamosi mwambie Mokami ile nzuri ni mbovu.

Akauliza, "Mbovu wapi?"

"Wewe si ndiye fundi? Utafute ugonjwa."

Akasema, "Haya mama," akakata simu. Jumamosi tulipofika akamwambia Mokami ile nyingine imeonekana ina tatizo kwenye betri na kitu fulani cha ndani, anasema huku anaangalia waya. Mokami akasema, "Basi mama, tusitupe pesa. Hii ndogo itanitosha, nitajibana nayo." Tukamwambia Owuor atuwekee hiyo mpaka dume liuzwe, na Mokami akanishukuru mbele ya watu. Mimi nikaitikia, eti usijali mwanangu.

Tulipotoka Owuor akanivuta pembeni. Akasema, "Mama, hii dhambi usinibebeshe tena. Ile nzuri nimeiweka chini ya kaunta mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kuna mtu wa mgodini anaitaka."

Tangu siku hiyo Mokami ndiyo kazidi wema, ananichotea maji ya kuoga, anaimba. Juzi alisema mama, ile ndogo ikishindwa video kabisa nitaenda tu Musoma hosteli, wana kompyuta zao kule, nikamwambia tutaona, nikaendelea kuchambua dagaa. Sasa sijui. Nikichukua ndogo, roho inanisuta, nikichukua kubwa, ninaogopa atakwenda na nyumba ya mzee itafungwa. Niambie nichukue ipi, na usinigombeze sana maana nina presha.

Mimi Mama wa Kewanja.

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Kewanja, salamu nimezipokea. Kugombezwa utagombezwa, kwa hiyo meza dawa yako kwanza.

Ulichoniuliza ni laptop ipi, basi nianze na laptop. Ile ndogo haina kosa. Mtu wa kuchapa barua, kutunza orodha yake na kusoma ujumbe, ningemwambia aichukue na asitupe pesa kwingine. Lakini Mokami hachapi barua tu, anakwenda kukaa miaka miwili mbele ya mwalimu wa video, na kazi hiyo ile ndogo umeiona kwa macho yako mwenyewe ikishindwa, dukani, siku ya kwanza, kabla haijapata vumbi. Bei nafuu ya kitu kisichofanya kazi uliyokinunulia siyo nafuu. Mashine ya Mokami ni ile ya RAM nane. Hilo nimemaliza.

Sasa la pili, ambalo ndilo lako. Chuo kilimpa Mokami hosteli ya Musoma miaka miwili. Kama mtu anatafuta mlango wa kutokea, mlango ule ulikuwa wazi na umepakwa rangi. Akaukataa, akachagua kusomea nyumbani kwako. Hilo umeliandika wewe, kwa mkono wako, halafu ukalipita bila hata kulisalimia. Na juzi akakuambia laptop ikishindwa video atakwenda Musoma. Ukaendelea na dagaa. Mama, soma tena barua yako. Mashine inayomtoa Mokami nyumbani ni hiyo hiyo ndogo unayotaka kumnunulia ili abaki.

Usije ukasema basi nichukue kubwa nimfunge nayo. Hapana. Ng'ombe ulizotoa zililetea nyumba yako jina na ukoo, miguu ya Mokami haikuwa kwenye hesabu. Yeye ni mtu mzima. Anaweza kusoma, akapata cheti, akaitwa kazini mbali, akaenda, na bado akawa mkamwana wako anayekupigia simu. Anaweza pia kukaa. Utakachokipata wewe ni kuambiwa ukweli wake, na huwezi kuambiwa ukweli na mtu unayemdanganya. Hofu yako ya uzeeni naielewa, umezika mume na nyumba imepungua watu. Lakini hofu hiyo ungempelekea yeye mezani mkaizungumza, wewe ukaipeleka kwa fundi wa kompyuta.

Habari ya Nyakunguru nayo uiweke mahali pake. Tabitha alikupa cherehani, lakini jikoni na mwiko ulivitaja wewe. Yule dada angeondoka hata kwa sindano ya mkono. Wewe kwako anaimba, hiyo tofauti unaijua.

Na Owuor umemkosea. Umemtumia kijana anayekula kwa jina lake zuri, ukamfanya aseme mbele ya mteja kwamba bidhaa yake ni mbovu. Mpigie umwombe radhi, kwa sauti ile ile uliyompigia mwanzo.

Fanya hivi. Leo hii, kabla dume halijafika mnadani, kaa na Mokami wawili tu, wala usianze na habari ya Tabitha. Mwambie: ile laptop haikuwa mbovu, mimi ndiye niliyemwambia fundi aseme hivyo, kwa sababu naogopa utaniacha. Maneno hayo hayo, usiyazungushe. Akikasirika mwache akasirike, hata kama siku mbili hataimba. Usilie ili akubembeleze. Akishatulia mwulize yeye anaionaje miaka yake ijayo, na hapo wewe mwenye maneno mengi ufunge mdomo usikilize. Ikija habari ya mjukuu, nani atakaa naye na wapi, mkubaliane nyinyi wawili kwanza, mkishindwa ofisi ya ustawi wa jamii ipo Tarime, ndiyo kazi yao.

Kisha dume likishauzwa tu, nendeni Sirari wote wawili kabla mwezi haujaisha. Kwa kuwa ile mashine ilishatumika, iwashwe bila chaja, somo la video licheze saa nzima, muone betri inashuka kiasi gani, maana umeme ukikatika mwalimu hatawasubiri. Mokami abonyeze kila herufi. Ajaribu kamera na kipaza sauti, kwa sababu ataonana na walimu humo. Amwulize Owuor kama diski yake ni SSD, ile ya kisasa inayowaka upesi, na kama siyo, aiweke au apunguze bei. Chaja iwe ile iliyotengenezewa mashine hiyo, siyo ya kuazima kwa mashine nyingine. Na pesa ya dume msiimalize yote dukani, bakizeni ya bando la miezi ya mwanzo, kwa sababu video inakula bando kuliko unavyodhani. Bei ikigoma kushuka, mwulizeni kama anayo nyingine ya RAM nane yenye sura mbaya zaidi. Sura haisomi.

Wewe ukifika dukani tafuta benchi ukae. Usiipime uzito, usiulize umri wake, usiseme neno mpaka Mokami aseme hii. Akishasema, toa pesa. Risiti iandikwe jina la Mokami, majina yake yote matatu, na chini yake Owuor aandike dhamana ya miezi mitatu na kutia sahihi.