Gastón Abutue au Auvute kwa Unyayo?

Tacuarembó, Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Mpendwa Mama Elbia,

Naomba msaada, na kabla sijaanza naapa kukueleza kila kitu, hata yale yanayonifanya nionekane vibaya, na majina nayaandika yalivyo na sijali ukiyachapa, kwa sababu sijui kuomba ushauri kwa kificho.

Naitwa Luján Techera, nina miaka kumi na sita, na tangu mwezi wa tatu mimi ndiye kocha wa watoto wa miaka sita wa klabu ya Molino Viejo. Kazi hii niliipata kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeitaka: watoto wa umri huo hulia, hufungukiwa na kamba za viatu kila dakika, na mechi ikiwa katikati mmoja huondoka kwenda kumtazama mbwa. Mimi nawapenda kuliko ninavyoweza kuandika. Kwenye mazoezi kila mtoto ana mpira wake, hakuna kupanga foleni wala kukimbia kuuzunguka uwanja bure, wanauendesha mpira kati ya viatu vya zamani nilivyovitawanya kwenye nyasi, kwa mguu wa kulia kisha wa kushoto, nikipiga makofi wanaukanyaga usimame, nikipiga tena wanauvuta nyuma kwa unyayo na kugeuka nao. Huo mvuto wa unyayo ndio fahari yetu, na sasa hata mdogo kabisa anauweza.

Aliyechelewa kuliko wote ni Gastón. Ni mtoto mkubwa, mzito, mwenye mashavu mekundu, na mama yake ndiye anayekaanga maandazi bapa kwenye kibanda cha klabu. Mwanzoni kila akiukanyaga mpira ulimponyoka akaangukia makalio, na wenzake wakapiga kelele, "Gastón ameketi tena! Mleteeni chai!" Naye alicheka pamoja nao, lakini nilimwona akijifuta macho kwa fulana. Basi akawa anafanya mazoezi jikoni kwao majira yote ya baridi, mama yake akilalamika kwamba anakanyagwa yeye, mpaka Jumamosi moja mwezi uliopita alimngoja mpinzani amkaribie, akauvuta mpira, akageuka, na yule mtoto akapita mbio kama anayewahi basi. Gastón badala ya kuendelea alisimama, akanigeukia na kupaza sauti, "Dada Luján, umeona? Umeona?" na wakati huohuo akanyang'anywa mpira tukafungwa. Sikuweza kumkaripia, Mama Elbia, maana nami nilikuwa narukaruka.

Sasa shida yenyewe ni hii. Wewe unajua goli letu lilivyo refu, na kipa wa miaka sita hawezi kuugusa mwamba wa juu hata akipanda mabegani mwa mwenzake, kwa hiyo kila klabu huchagua mtoto mwenye mguu mzito, humweka nyuma, na kazi yake ni moja tu, kubutua juu, mpira upite vichwani mwa wote uingie. Karibu timu zote hushinda hivyo. Na Gastón anao mguu huo. Jumamosi hii tunacheza mechi ya mwisho ya mzunguko na Las Toscas, tukishinda tunaingia nusu fainali, na Don Wilmar anayesimamia timu zote za watoto aliniita kwenye uzio, kibuyu chake cha chai ya yerba mkononi na chupa ya maji moto kwapani.

"Binti, yule mnene ana mguu wa punda, na wewe unamfundisha dansi."

"Si dansi, Don Wilmar, ni..."

"Jumamosi anakaa nyuma, anabutua. Tukishinda, timu ni yako mpaka siku utakayoolewa. Tukifungwa, mwakani nampa mpwa wangu Richard. Tumeelewana?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu ni mtu mzima na alikuwa ameshageuka kuondoka. Hata sijasogea hapo, Gastón akaja na andazi mdomoni, akaniuliza, "Dada, Jumamosi ninaruhusiwa kuuvuta hata karibu na goli letu?" Na kwa jinsi macho yake yalivyong'aa, nikasema ndiyo kwake pia. Hakuwa amemaliza andazi lake, nami nilikuwa nimeshaahidi mambo mawili yasiyoweza kukaa uwanja mmoja.

Nyumbani hakuna wa kunisaidia, maana anayepiga kelele kuliko wote kwenye uzio ni baba yangu. "Butua! Butua, Gastón, butuaaa!" mpaka watoto wanamtazama yeye badala ya mpira. Jana wakati wa chakula nilimwambia.

"Baba, ukipiga kelele wanaogopa."

"Kelele gani? Ninawasaidia! Mimi katika umri huo nilikuwa nafunga kutoka nyuma kabisa, Jumamosi baada ya Jumamosi. Waliniitaje?"

"Mzinga," tukajibu mama na mimi kwa pamoja, kwa kuwa huuliza kila Jumapili.

Ni kweli, picha yake ipo mpaka leo kwenye ukuta wa klabu, na wazee wanamwita Mzinga hata benki. Mpira aliuacha akiwa na miaka kumi na tatu, walipohamishiwa uwanja mkubwa, anasema viatu vilimbana, na hapendi kusimulia zaidi ya hapo. Mama ananiambia nimtii Don Wilmar na mambo yaishe.

Mimi sitaki kuipoteza timu, kwa sababu mwakani watakuwa na miaka saba na nimeshafikiria yote nitakayowafundisha, lakini nikimwambia Gastón aanze kubutua sijui nitamtazama usoni vipi. Gazeti lenu linatoka Alhamisi, na jioni hiyo ndiyo tuna mazoezi ya mwisho, kwa hiyo nakuomba sana unijibu katika toleo la wiki hii: je, nimwambie Gastón abutue, au nimwache auvute kwa unyayo?

Wako mwenye matumaini,
Luján Techera

MAMA ELBIA ANAJIBU

Luján, binti yangu, umetoa ndiyo mbili kabla andazi moja halijaisha. Unaiita heshima. Mimi naiita woga uliofundishwa vizuri. Mtu mzima akigeuka kuondoka, unamwita: "Don Wilmar, samahani, sijamaliza." Hatakufa. Nimemkatiza mara nyingi na bado yupo.

Haya, nimeshagomba. Sasa sikiliza, maana jibu umeliandika mwenyewe ukalipita bila kulisoma. Rudi pale kwa baba yako.

Viatu havikumbana. Nilikuwepo, na kiti changu nyuma ya goli kama kawaida. Uwanja ulipokuwa mkubwa, na makipa wakaota mikono mirefu, mikwaju yake waliidaka kama machungwa. Kocha akamwambia atoke na mpira mguuni, na kijana wa watu hakujua aufanye nini, kwa sababu tangu akiwa na miaka sita hakuna aliyemwacha akae nao hata kidogo. Kila ulipomfikia, uzio mzima ulipiga kelele aubutue, na uzio huo, Luján, mimi nilikuwemo. Nilimwona akienda nyumbani viatu vikining'inia shingoni. Nawe Mzinga, najua unasoma, weka kibuyu chini: lile halikuwa kosa lako, na picha yako ibaki pale pale ukutani.

Kwa hiyo Gastón acheze na mpira. Ahadi uliyompa mtoto ndiyo utakayoitimiza, na ile uliyompa Don Wilmar utaivunja wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, leo. Ulisema hujali nikichapa majina, nimeyachapa. Mji mzima unajua kwamba Don Wilmar hulala mchana na kusoma gazeti akiamka. Ukitoka shule usipitie nyumbani, umwahi kabla hajalifungua. Keti kwenye ngazi zake, na akifungua mlango mwambie: "Nilikubali na sikupaswa kukubali. Gastón hatabutua. Sababu zangu ni hizi." Ukizisema umesimama wima atazisikia zaidi kuliko akizisoma hapa. Na akitaka kumpa Richard timu, ampe. Mechi za watoto zinaanza saa tatu asubuhi, na Richard namjua tangu azaliwe, saa tatu ya Jumamosi hajawahi kuiona. Don Wilmar atarudi kwako mwenyewe.

Jioni, kwenye mazoezi, mwingize baba yako ndani ya uzio. Usimhutubie. Mpe mpira, umwambie Gastón amfundishe kuuvuta kwa unyayo. Ataanguka, na ni vizuri aanguke, ili watoto wapate mtu mzima wa kumletea chai. Mtu aliyeuona ugumu wa jambo kwa makalio yake mwenyewe hupiga kelele kidogo. Na kama machozi yakimtoka, wewe endelea kupanga viatu vyako kwenye nyasi.

Bado sijakumaliza. Kuna jambo umekosea kama kocha. Umewafundisha kugeuka, hukuwafundisha kwamba baada ya kugeuka mchezo unaendelea! Leo kila atakayeuvuta mpira lazima afanye kitu kingine: akimbie nao, au ampe mwenzake, au apige. Ndiyo, apige. Mguu mzito wa Gastón si dhambi. Akifika karibu na goli, kichwa juu, aachie mkwaju na mama yake ausikie kibandani. Tofauti ni kwamba atakuwa ameufikisha mpira pale yeye mwenyewe.

Mkifungwa, watoto watakunywa maziwa yao ya chokoleti na kusahau kabla kikombe hakijaisha. Watakaonuna mpaka Jumatatu ni wazee wa kwenye uzio, na hao watapona.

Jumamosi nitakuwa nyuma ya goli la kushoto, na kiti changu, mdomo nimeufunga. Mwambie Gastón nimekuja kumtazama yeye, na kwamba macho yangu bado ni mazima. Akishaugeuza mpira aende zake mbele. Nitakuwa nimeona.