Mbao za Wambui

Jumatatu, 2 Juni 1958
Baridi ya Molo haina huruma. Nimewasha moto, nimempa mke wangu Wambui uji. Vijiko vitatu, basi, akageukia ukuta. Kiwandani nimepasua mwerezi kutwa. Daktari wa Nakuru alituambia turudi nyumbani. Hakusema turudi kwake lini. Nilielewa. Yeye pia alielewa, ila hatusemi.

Jumatano, 4 Juni
Msimamizi amenikubalia nichukue mbao za mwerezi, zile zenye vifundo. Nimezificha nyuma ya kibanda cha viazi. Wambui hatazikwa ndani ya blanketi kama mtu asiye na wenyewe. Mchana alipolala nimempima kwa kamba, kichwa hadi kisigino. Nimejichukia.

Alhamisi, 5 Juni
Alikuwa macho! Leo akinywa chai ameniuliza, "Baba Njeri, nimefika urefu gani?" Nikajifanya sisikii. "Ile kamba ya jana. Ama ulikuwa unanishonea rinda?" Nikalia mbele yake. Yeye akacheka hadi akakohoa.

Jumamosi, 7 Juni
Tumegombana. Nimeshazikata mbao, naye ameziona. Hataki sanduku. Anataka benchi la kuota jua nje ya mlango, tena lenye egemeo. Anasema kaburini hatajua kama amelalia mwerezi ama gunia, lakini jua analijua. Nikamwuliza watu wa kanisa watasema nini. "Wacha waseme. Watapata pa kukaa wakisema." Nimetoka kwa hasira, nimepasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Mbao nyingine sina, na msimamizi hatanipa tena.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kanisani. Nimepiga randa.

Jumanne, 10 Juni
Benchi limekwisha. Limetoka urefu wa Wambui kamili. Ukungu ulipoondoka nimembeba, nimemlaza juani, kichwa upande wa mlango. Kisha nimeinua miguu yake, nimeketi, nimeiweka mapajani. Baridi sana. Nimeisugua. Amekula kiazi cha kuchoma na chumvi, kizima! Wiki nzima hajala hivyo. Anasema mwerezi unanukia vizuri. Nimefurahi, na furaha yenyewe inauma.

Jumamosi, 14 Juni
Jua. Chai yenye sukari nyingi. Amemteta jogoo wa jirani kwa majina yote mabaya. Siku njema. Sitaki iishe.

Jumamosi, 21 Juni
Ameondoka jana asubuhi, palepale juani, miguu mapajani mwangu. Nilidhani amelala. Nikaendelea kusugua.

Leo mzee wa kanisa amesema tulivunje benchi, mbao zinatosha sanduku. Binti yetu Njeri, aliyefika kutoka Dundori, akanitazama tu. Mtu ameleta nyundo. Nimelikalia, nimekataa. Wambui alishanionya: "Ukilivunja nitakurudia kila siku nikuombe chai." Mungu anisamehe, karibu nilivunje kwa sababu hiyo hiyo.

Tumemzika ndani ya blanketi lake jekundu. Watu wamenong'ona. Kisha wakaketi kwenye benchi, wakanywa chai.

Jumatatu, 30 Juni
Zamu yangu kiwandani ni mchana. Ukungu umechelewa kuondoka. Nimechoma viazi viwili, mazoea. Nimeketi upande wa miguu. Jua limefika kwenye egemeo, likashuka hadi kwenye mbao. Nimekula changu. Cha pili kimepoa hapo karibu na mlango.