Ng'ombe Uliyempeleka Rongo

Baba Otieno,

Kampuni ya bima imekubali. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungenikatiza kwa lile jina lako la kuniita binti wa Kuria: "Nyar Kuria, kwanza walisemaje? Salamu baadaye." Haya, nimesema. Wamekubali kwamba pikapu yako ilikuwa imesimama kando, na lori ndilo lililoifuata hapo hapo. Kosa si lako. Watalipa. Karani wa Homa Bay alinieleza mara mbili, nadhani alingoja nilie au nipige vigelegele. Mimi nilimuuliza kama boti ya Rusinga imeshaondoka.

Usinikasirikie. Tangu tukuzike niko hivyo. Naamka, nachota maji, napika, nagombana na kuku wa mama yako, lakini ni kama nafanyia kazi mwili wa mtu mwingine. Hata chakula sisikii ladha. Otieno hulalamika, leo mboga haina chumvi, kesho imezidi, nami namwambia ale amshukuru Mungu, kwa sababu sijui anasema nini.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwani tulikuwa na lugha gani nyingine? Pale soko la Migori mimi nilikuwa na wimbi langu, wewe na ngege zako, hujui Kikuria hata cha kuomba maji, na mimi Kijaluo nilikisikia kama watu wanagombana. Ukaniambia, "Dada wa wimbi, hii samaki inakuangalia wewe tu tangu asubuhi." Nikakwambia imekufa, inaangalia kila mtu. Ulicheka mpaka ukashika mizani. Baadaye kaka zangu wakakuuliza utanilisha nini. Samaki, ukasema. Na ziwa likikauka? Ukawajibu, basi nitamnunulia gari. Jamani, na ukalinunua! Kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani, lakini pikapu ni pikapu. Kwenda Migori samaki, kurudi mahindi na ndizi. Jumamosi hakuna kuligusa, Msabato wewe, ulilifunika turubai ukaenda kanisani.

Siku ya Rongo nilikuwa nawe. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imekuwa utelezi mtupu. "Hatushuki huu mteremko sasa," ulisema, ukaegesha kwenye nyasi, ukaanza kuwekea magurudumu mawe. Mimi nilivuka kwenda kwa yule mama wa chai. Lori la sukari guru likaja kutoka juu bila breki. Nilisikia honi tu, ndefu. Likaisukuma pikapu, pikapu ikakubana kifua kwenye ukingo wa udongo, lori lenyewe likapinduka. Na wewe, mbavu zimevunjika, ukatambaa mpaka kwa dereva wake ukamshika kichwa. "Mos, omera, mos," ukawa unamwambia, pole ndugu yangu, pole, mpaka akanyamaza. Hakufika hospitali.

Alipokuwa anazikwa ukamtoa ng'ombe wetu wa pekee apelekwe kwake, huko huko Rongo. Nilipiga kelele, unakumbuka. Gari hatuna, wewe umefungwa bendeji kifua kizima, halafu ng'ombe anakwenda kwa mtu aliyetugonga! Ulinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Amekufa mikononi mwangu, Boke. Nitaingiaje kwake mikono mitupu?" Ndugu yako akamswaga huyo ng'ombe, sisi tukapanda basi. Ulikaa na kaka za marehemu mkala ugali na nyama kwenye sahani moja. Mjane wake, Mama Odoyo, alikuletea mwenyewe maji ya kunawa.

Ng'ombe huyo ndiye aliyetuponza. Afisa wa ile kampuni iliyokatia lori bima alitoka Nairobi, akasikia habari zake, akasema mtu asiye na kosa hapeleki ng'ombe msibani. Hiyo ni fidia ya damu, amekiri mwenyewe. Askari wa trafiki alikuwa ameandika kwamba pikapu ilikuwa kwenye nyasi. Wakasema askari alifika magari yameshasukumana. Mimi nilikuwepo, nikasema. Wakanijibu mke husema la mumewe. Maneno yakavuka maji mpaka kisiwani, na watoto wakaanza kumwambia Otieno baba yake ameua mtu akalipa. Pikapu ungeisahau, nakujua. Hilo jina la muuaji hukuliweza. Ulikohoa miezi yote ile umejishika ubavu, na la mwisho uliloniagiza ni hilo hilo: "Boke, jina langu lisibaki Rongo."

Mama Odoyo alikuja kukuzika. Anaogopa ziwa yule, alifumba macho tangu Mbita. Alileta unga na kuku, akakulilia kwa sauti kuliko hata dada zako, halafu nilipompelekea chakula akakataa. Nikamsihi. "Asante mama, siwezi." Hata maji hakugusa. Nikasema moyoni, huyu amekula ng'ombe wangu, leo ugali wangu una sumu? Nilitaka kumwaga ile sahani miguuni pake. Hasira ile ndiyo kitu cha mwisho nilichohisi sawasawa. Baada ya hapo ilikuwa ukungu tu.

Basi mwezi uliopita tukaitwa ofisi ya bima, Homa Bay. Nilipomwona Mama Odoyo ameketi kwenye benchi nikajua nimekwisha. Tajiri wa lori ndiye aliyemleta, na alikuwa amemwahidi kumpa mwanawe Odoyo kazi ya tanboi, kumsaidia dereva, kwenye lori jingine. Alitakiwa kusema jambo dogo tu, kwamba ng'ombe alikuwa malipo.

"Mama, huyu mtu alileta ng'ombe kwako?" afisa akauliza.

"Alileta."

"Ya kulipa damu."

"Ya kulia na sisi."

"Wewe unajuaje?"

"Alikula kwangu."

Afisa akaweka kalamu chini. "Sasa kula kunaingiaje hapa?"

"Haiya! Mtu ako na damu ya bwana yangu, atakula kwangu? Na mimi nimpe? Si chira itamaliza nyumba yake na yangu!" Alimwonea afisa huruma, akamweleza polepole kwamba chira ni ile laana inayomkausha mtu aliyevunja mwiko, yeye na watoto wake. "Huyu alikula na shemeji zangu, sahani moja, watu wote wanaona. Tungejua ni yeye ameua, tungemfukuza na ng'ombe yake." Kisha akanigeukia. "Na yeye alipokufa na hiyo kifua, nilikwenda kwake. Uliza huyu mama kama nilikula."

Wote wakaniangalia. Nikasema hakula. Hata maji.

"Ni gari ya bwana yangu ilimvunja," akasema. "Damu iko kwetu."

Tajiri aliinuka akatoka nje. Afisa akamuuliza karani wake, kijana wa kwenu, kama hayo ni mambo ya kweli au ya mama huyu tu. "Ni kweli, bwana," karani akasema. "Hata mimi nisingekula." Kampuni ilikuwa imemshikilia ng'ombe yule tu. Alipotoka mikononi mwao, ikabidi wayakubali yale aliyoandika askari.

Miaka yote nimeishi kwenu nilijua miiko ya shamba, nani aanze kulima, nani aanze kuvuna. Huo wa damu sikuujua, hatukuwahi kuwa na damu ya mtu. Wewe uliujua. Ulipoketi kula na kaka zake ulikuwa unasema wazi mbele ya wote kwamba mikono yako ni safi, na mimi nilikaa kando pale nikihesabu hasara. Ungeniambia, mume wangu! Lakini labda ulidhani nani asiyejua.

Odoyo kazi hakupata. Mama yake ameniambia tu, bila kulaumu.

Jana nilimwalika. Amevuka tena, macho amefumba. Wazee wa kwenu walituchemshia manyasi, dawa yao ya mizizi, tukanywa kwenye kibuyu kimoja ili chira itupite. Ungegeuza uso, Msabato wangu, lakini usingesema kitu. Halafu nikaweka ugali na ngege katikati yetu. Otieno alisimama mlangoni anatazama kama mgeni atakula. Mama Odoyo akanawa, akamega, akala. Mimi nikamega.

Alitafuna kidogo, akaniangalia kwa aibu. "Mama Otieno," akasema, "hii chumvi."

Nikaweka tonge mdomoni. Imezidi, Baba Otieno. Imezidi kabisa, hailiki, jamani, na mimi ndipo nikaanza kulia, samaki iko mdomoni, kwa sababu nimeisikia.

Lala sasa. Jina lako halikubaki Rongo.

Mkeo,
Mama Otieno