Pipi za Apa Uwanjani

Taldykorgan,
9 Novemba

Kwa kaka yangu Zhandos,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta huko Antalya ukiwa mzima, na kile kiwiko chako kimetulia. Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo, kama kila mwaka theluji ya kwanza inapoanguka, na bado anakataa skafu. Mama anauliza kama siku hizi unakula nyama au unaishi kwa ndizi tu. Bibi yetu Apa naye ukimuuliza mwenyewe atasema hajambo. Ukiniuliza mimi nitakuwa na mengi zaidi ya kusema, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Unanijua nilivyo. Kwenye simu ningesema "eeh" na "sawa" mpaka uchoke ukate. Mama husema nimesomeshwa Kikazaki na Kirusi ili nipate kunyamaza kwa lugha zote mbili. Karatasi angalau hainikodolei macho. Mjomba Yerbol anasafiri kuja huko Jumanne, na ameahidi kukupa hii mkononi.

Kaka, Jumapili tatu zimepita. Zamani Jumapili ilikuwa simu ya Apa kwanza, wengine baadaye. Sasa unapiga kwa Baba, unamsalimu Mama, unakata. Apa huwa amekaa pale pale dirishani, simu yake imejaa chaji, na tukimtazama anajifanya anahesabu kunguru. Najua una uchungu naye kwa yale ya Almaty. Nataka nikueleze siku ile ilivyokuwa, kwa sababu wewe uliiona ukiwa upande wa pili wa wavu.

Ulipopata nafasi katika mashindano yale ya tenisi ulituomba tusije, kwamba macho ya Mama yanaufanya mkono wako uwe mzito. Baba na Mama walitii. Apa alisema yeye si Mama, na isitoshe macho yake hayafiki mbali, hayawezi kumlemea mtu aliye upande ule wa uwanja. Akawadanganya kwamba tunakwenda kwa shangazi Sholpan, mjukuu wake anawekwa kwenye susu. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona anajaza mkoba pipi na kurt, zile jibini zake kavu ngumu kama kokoto. Kwetu nani huenda kwenye sherehe ya mtoto bila kitu cha kurusha?

Tulikaa safu ya sita, nyuma ya kiti cha mwamuzi. Apa alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe cha sikukuu. Alishangazwa na ule ukimya. Alininong'oneza kwamba watu elfu mbili wamenyamaza kama nyumba yenye mgonjwa, na akauliza ni nani anayeumwa. Kisha akaona njaa, akatia kurt mdomoni, akaiuma wakati ule ule ulipokuwa unataka kuanzisha mpira. Mlio wake ulisikika safu nzima. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alitugeukia akasema bibi, hapa hata kupumua ni kwa ruhusa ya mwamuzi. Apa akamjibu kwamba yeye amelea watoto saba na hajawahi kuomba ruhusa ya kutafuna, akampa na yeye kipande. Dakika kumi baadaye mzee yule alikuwa anamfundisha kuhesabu pointi, na Apa anamgombeza kwamba ni watu gani hawa wanaoanza na kumi na tano kama vile moja imekufa.

Seti ya kwanza ulipoteza, ya pili ukashinda. Sijui kama unakumbuka, lakini kabla ya ya tatu ulijifuta uso kwa taulo na kuiacha kichwani kwa muda. Apa alishika goti langu. Alisema ulikuwa unafanya hivyo hivyo na blanketi ulipokuwa na miaka minne, ukitaka dunia ikusubiri kidogo. Nimekutazama kwenye simu mara nyingi, wewe mdogo kama kidole, lakini pale nilisikia viatu vyako vikilia sakafuni. Nikajua kwamba hujatuficha chochote, kazi yako ndiyo hii, kukimbia peke yako mbele ya watu wasiokujua.

Ukafika tano kwa tatu. Ikabaki pointi moja.

Mpira wa mpinzani wako, yule Mcheki, ukaanguka karibu na mstari wa nyuma, mwamuzi wa mstari akapiga kelele kwamba umetoka, wewe ukaacha kucheza ukainua mikono yote miwili. Hapo ndipo pipi zikaruka kutoka safu yetu. Zilipita juu ya vichwa vya watu zikamwagika uwanjani kama mawe ya mvua, na kurt pamoja nazo, zikidunda. Baadhi ya watu wakaanza kushangilia na mama mmoja akainama kuokota bahati, kama kawaida. Kisha mwamuzi mkuu akasema kwamba hapana, mpira uligusa mstari, pointi irudiwe.

Yaliyofuata unayajua. Vijana wa mipira walizoa kwa taulo, na kila walipodhani wamemaliza ilionekana nyingine chini ya wavu. Dakika sita. Nilikuona unarukaruka ili usipoe, unautazama mkono wako. Yule Mcheki akaokota pipi moja kando ya kiti chake, akaimenya, akaila, na watu wakacheka. Baadaye Apa aliposimuliwa hilo hakucheka. Alisema basi bahati yako aliiokota yeye, na si kosa lake, hakuna aliyemwambia. Ulipoteza pointi ile, na gemu ile, na nyingine tatu zilizofuata.

Lakini kabla ya hapo mlinzi alishuka ngazi mpaka safu yetu. Alikuwa kijana, labda wa umri wako, na aibu ilimjaa kuliko hasira. Aliuliza ni nani aliyerusha. Safu nzima ikatazama mbele. Apa akasimama, akatengeneza kitambaa chake, akasema ni mimi. Kijana akasema jamani bibi, hapa si harusini. Apa akamwuliza nani kamwambia watu hufurahi harusini tu, na kwamba mjukuu wake alirushiwa pipi siku aliyozaliwa na siku aliyokatwa kamba ya miguu ili atembee, sasa leo anashinda mbele ya nchi nzima arushiwe nini, mchanga? Mzee wa kofia ya manyoya akaomba asamehewe. Kijana akasema amri si yake. Nilipotaka kumfuata, Apa alinisukuma bega nikaketi. Alisema bakia, mmoja wetu auone mwisho.

Nikabakia. Niliuona mwisho. Yeye aliusikilizia nje, kwenye benchi, katika baridi ile, pamoja na mwanamke anayefagia majani. Aliniambia alikuwa anahesabu kwa makofi: yakiwa makubwa ni yako, yakiwa ya adabu ni ya Mcheki. Yalipobaki ya adabu tu, alijua. Nilipotoka nilimkuta amekwisha kuacha kuhesabu.

Usiku ule video ikaenea, "Bibi wa Pipi", kitambaa cheupe kikipandishwa ngazi. Ukakitambua. Ukamwambia Baba kwamba umefanya kazi miaka kumi na tano ili upate jioni moja kama ile, na Apa ameimwaga kwa konzi moja. Simu ilikuwa na sauti kubwa, Kaka. Apa alikuwa anamimina chai. Alimaliza kumimina.

Sasa nisikilize, maana nimeandika kurasa zote hizi ili nifike hapa na bado mkono unataka kurudi nyuma.

Apa hakurusha. Mkoba ulikuwa juu ya magoti yangu, kwa kuwa bega lake lilikuwa linamuuma. Alikuwa ameniambia nisiguse kitu mpaka yeye aseme, na wakati ule alikuwa amenishika goti kwa nguvu, maana yake subiri, kwa sababu yule mzee alikuwa amemfundisha kwamba mchezo haujaisha mpaka mwamuzi amesema. Bibi yetu asiyejua tenisi alijua. Mimi ninayejua kila kitu, ninayekaa na takwimu zako kwenye daftari, niliona mikono yako imepanda juu, na kwa mara ya kwanza maishani mkono wangu ukaitangulia haya yangu. Nilichota konzi mbili. Nilirusha kwa nguvu zangu zote. Hata nilipiga kelele, Kaka. Hakuna aliyesikia kwamba ni mimi kwa sababu hakuna anayeijua sauti yangu.

Na mlinzi alipouliza, ilirudi haya yangu yote, pamoja na riba. Maneno mawili tu yalitakiwa, na Apa akayasema kwa niaba yangu. Njiani kurudi nyumbani nilimwomba anisamehe. Alisema kwamba kikongwe akitolewa nje watu hucheka na kusahau, lakini mtoto anayeogopa watu akitolewa nje mbele ya watu elfu mbili, hatoki tena nyumbani. Akanikataza nisikuambie kamwe. Alisema utapoa mwenyewe. Hujapoa, nami siwezi tena kumtazama akihesabu kunguru.

Ukiwa na hasira, anwani yake ndiyo hii yangu. Sitanyamaza ukipiga, nimejizoeza. Nasikia mwezi wa tatu utacheza Tashkent. Apa anasema hatakuja, lakini juzi nilimkuta anakifua kile kitambaa na hakuna sikukuu karibu.

Humu ndani nimekufungia pipi moja. Iliangukia katika kofia ya koti langu, niliipata nyumbani. Ni yako. Kurushwa mapema hakuifanyi iwe ya mtu mwingine. Ila kabla hujaimenya, mpigie Apa. Mwambie tu unamsalimu, hayo mengine anayajua.

Baba, Mama, shangazi Sholpan na mjukuu wake, ambaye kweli amewekwa kwenye susu wiki iliyopita, wote wanakusalimu. Lala vizuri, vaa soksi nene, kiwiko ukipake mafuta ya kondoo hata kama mwalimu wako anacheka.

Ni mimi,
Kuralai