Mwanakondoo wa Mkaja

Rudewa, 4 Mei 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko Mikumi? Presha imeshuka? Sisi wazima, na ndoa ni tamu, Mama! Elikana ananichotea maji mwenyewe. Majirani wanamcheka, naye anacheka kuwashinda.

Ila yule kondoo wa mahari ana homa. Bwana mifugo, Melkizedek, kamchoma sindano, kisha kaniuliza: “Huyu mwenye mimba ndiye mliyempandisha kenta pamoja na matarumbeta, akaonyeshwe ukweni, halafu mkamrudisha huku azalie?” Nikainama. Kasema hofu na maambukizi ya mama hufika hadi kwenye mapafu ya mtoto tumboni. Na mtoto huyo ndiye mkaja wako, haki yako ya kunizaa! Elikana hapati usingizi.

Mwanao akupendaye,
Yudith

Mikumi, 9 Mei

Mwanangu Yudith,

Marahaba. Presha ilishuka, ikapanda tena niliposoma barua yako. Usijifanye hukuwepo: nani alimvisha kondoo miwani ya jua?

Mwacheni kivulini, mbwa wasimsogelee. Mtoto akifa, wajomba zako nitawaambia mkaja nimeupokea. Mkwe wangu alale.

Mama yako

Rudewa, 27 Mei

Mama yangu,

Shikamoo mara mia! Kazaliwa! Kabla ya siku zake, mwepesi kama pamba. Alitoka kimya. Elikana akampangusa pua, akamsugua kwa gunia, mara akavuta pumzi, akalia. Nami nikalia.

Melkizedek anasema msukosuko wa mama wakati mwingine huharakisha mapafu ya mtoto kukomaa, ndiyo maana kapumua. Lakini huenda yakabaki dhaifu. Anahema haraka mno; baridi na vumbi ni sumu kwake. Kumsafirisha kuja kwako, labda mwakani.

Elikana anaona haya: mke kamchukua, na mkaja umebaki zizini kwake. Nimwambieje? Ungemwona anavyomnywesha maziwa kwa chupa, Mama, huku akimwimbia! Nimempenda upya.

Mwanao mwenye furaha,
Yudith

Mikumi, 31 Mei

Mwanangu,

Marahaba mara mia. Nimepiga vigelegele hadi mama mchungaji kaja kuuliza kulikoni.

Mwambie Elikana asione haya. Mkaja ni wangu, na mgonjwa hasafirishwi. Mwenye mgonjwa ndiye humfuata. Jumamosi ya wiki ijayo napanda basi, na sitaondoka mpaka kifua cha mtoto wangu kiwe imara.

Umesema mwakani, sivyo? Nitandikieni kitanda.

Mama yako